Vidonge na Umeme katika Tiba ya Sonona: Yampasayo Mchungaji Kujua

Mama mmoja wa usharika huko Madale alituambia kwamba ameacha vidonge vya sonona baada ya siku 10, kwa kuwa havikumsaidia. Sisi tukaomba naye, wala hatukumwuliza neno zaidi. Hilo lilikuwa kosa letu, na kwa ajili yake twaandika makala haya.

Dawa za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, hazitulizi kwa saa chache kama panado. Nafuu huonekana baada ya majuma 2 hadi 6, ilhali ukavu wa kinywa au kichefuchefu huanza siku za kwanza. Mgonjwa huonja uchungu wa dawa kabla ya faida yake. Hapo ndipo wengi huziacha.

Tiba ya umeme huogopwa zaidi. Ilianzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini, na zamani ilitolewa bila nusukaputi, hata wengine wakavunjika mifupa. Sura hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Siku hizi, inapotolewa ipasavyo, mgonjwa hulazwa usingizi na kulegezwa misuli. Umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, nao huamsha ubongoni mtikisiko kama wa kifafa, usiozidi dakika moja hivi. Hurudiwa mara 2 au 3 kwa juma, kwa kawaida mara 6 hadi 12. Kwa mtu aliyekataa chakula na maji, au aliye katika hatari ya kujiua, huweza kuleta nafuu upesi kuliko vidonge. Gharama yake ni kumbukumbu: wengine husahau mambo ya majuma au miezi iliyotangulia, na mengine hayarudi.

Wala umeme hauondoi haja ya vidonge. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, miongoni mwa waliopata nafuu kwa umeme kisha wakapewa vidonge visivyo na dawa, 84 kwa kila 100 waliugua tena ndani ya miezi 6. Waliopewa nortriptilini pamoja na lithiamu walikuwa 39.

Uamuzi ni wa daktari. Lakini Kanisa letu, ambalo limetunza wagonjwa wa akili huko Lutindi, Korogwe, kwa miaka zaidi ya 100, haliwezi kuhubiri kwamba dawa ni upungufu wa imani. Eliya chini ya mretemu alipewa usingizi, mkate na maji kabla ya kuulizwa lolote. (Hatusemi kwamba aliugua sonona, Maandiko hayasemi.) Basi tuulize: umeanza dawa lini? Unakula? Umewaza kujiua?

Mama yule alirudi kliniki mwezi uliofuata, akiwa amedhoofu kuliko mwanzo.