Bango Juu, Foleni Chini

Picha ya mpigapicha Margaret Bourke-White kutoka Louisville, Kentucky, hutumika mara kwa mara kuonyesha Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 nchini Marekani. Ni picha bora, ila imebebeshwa mzigo usio wake. Watu wanaoonekana ndani yake hawakupanga foleni kwa sababu ya kukosa kazi. Mto Ohio ulikuwa umefurika Januari 1937, na wao walikuwa wahanga wanaosubiri msaada. Jarida la Life liliichapisha Februari mwaka huohuo.

Tuitazame kwanza. Sehemu ya juu imejaa bango la barabarani: familia ya Weupe ndani ya gari, baba kwenye usukani, mama pembeni yake, watoto wawili nyuma, na mbwa aliyetoa kichwa dirishani. Wote wanatabasamu. Maandishi yanajigamba kwamba Marekani ina kiwango cha juu kabisa cha maisha duniani. Chini ya bango wamesimama Wamarekani Weusi, wamevaa makoti na kofia, wameshika ndoo, vikapu na mifuko.

Ufundi wa picha uko mahali mpigapicha aliposimama. Bourke-White amelikabili bango uso kwa uso, kwa hiyo bango na foleni vimelala sambamba, kama mistari miwili ya ukurasa mmoja. Umbali kati yao umefutika. Gari la kuchorwa linaonekana kama linakuja kuwapita watu vichwani. Tena foleni imekatwa na kingo zote mbili za picha: hatuoni inakoanzia wala inakoishia, basi akili yetu inairefusha yenyewe.

Kejeli hiyo hakuibuni. Bango lilikuwa sehemu ya kampeni ya chama cha wenye viwanda cha kusifia mfumo wa uchumi wa Kimarekani; yeye aliona tu pa kusimama. (Si jambo dogo. Wengi tungepita pale tukitafuta maji yalipofika.)

Hata hivyo, kejeli ina gharama zake. Muulize aliyeiona picha hii mara moja akueleze yupo nani kwenye foleni: atakumbuka gari, mbwa na maandishi. Bango limesema yote, waliopigwa picha wamegeuka ushahidi wa hoja ya mtu mwingine. Hatujui nyumba ya nani imezama, wala nani ametenganishwa na watoto wake. Ukikazia macho ndipo unagundua kwamba karibu wote hawana habari na bango. Wana shida yao, nalo liko nyuma ya migongo yao.

Kuna jingine ambalo fremu haisemi. Mafuriko yale yaliwahamisha watu wapatao 175,000 mjini humo, na Weupe walikuwamo. Kwa hiyo picha peke yake haithibitishi kwamba maji yalichagua rangi. Lakini Kentucky ya wakati ule ilikuwa na sheria, tangu 1904, iliyokataza watoto Weusi na Weupe kusoma shule moja. Ubaguzi ulikuwapo kabla ya mvua, ila huwezi kuusoma kwenye ndoo na vikapu. Unahitaji maelezo ya picha na historia kidogo.

Hukumu yangu ni hii: picha ya Louisville ni ushahidi mzito dhidi ya bango, na ushahidi mwepesi kuhusu mafuriko. Inavunja majigambo ya tangazo kwa pigo moja, na hapo haina mpinzani. Ikitumiwa kueleza maisha ya wale watu, inapwaya.

Wapigapicha wetu wanaopenda kumweka mama ntilie chini ya bango la nyumba za kifahari wanaazima mbinu hiyohiyo. Waiazime, lakini wasiondoke kabla ya kumuuliza mama anauza nini, tangu lini, na kwa nini mahali pale. Na mhariri akiletewa picha ya namna hiyo bila tarehe, mahali na maelezo, airudishe.