Nusu Iliyouzwa na Nusu Iliyobaki: Chimbuko la Wasiwasi wa Viwanda vya Korea

Anayetaka kuelewa kwa nini Wakorea wanazungumzia mustakabali wa viwanda vyao kwa wasiwasi, ilhali chipu na meli zao bado zinagombewa dunia nzima, na aanzie kwenye kampuni moja ambayo mwaka 2001 ilikuwa mahututi. Iliitwa Hynix. Mitambo yake mikuu ilikuwa Icheon, mji ulio kusini-mashariki mwa Seoul, unaosifika tangu zamani kwa mchele wake na vyombo vya udongo.

Kabla ya hapo Hynix ilikuwa Hyundai Electronics. Msukosuko wa fedha wa 1997 ulipoikumba Korea Kusini, serikali iliyabana makampuni makubwa ya kifamilia yaache kurundika biashara zinazofanana, na mwaka 1999 Hyundai ikachukua kitengo cha chipu cha LG, pamoja na mzigo wa madeni. Miaka miwili baadaye bei ya chipu za kumbukumbu ikaporomoka, kampuni ikaangukia mikononi mwa mabenki yaliyokuwa yakiidai, na mabenki yakataka kila kinachouzika kiuzwe. Kitengo cha skrini bapa za LCD, kilichopewa jina la Hydis, kilinunuliwa na BOE ya Beijing mwaka 2003. Kitengo cha chipu kilikuwa kiende kwa Micron ya Marekani. Makubaliano ya awali yalikuwa tayari, lakini mwishoni mwa Aprili 2002 bodi ya Hynix ikayakataa, kinyume na matakwa ya wadai wake.

Kwa maoni yangu, historia yote ya viwanda vya Korea katika karne hii imo ndani ya mauzo hayo mawili, moja lililofanyika na moja lililokataliwa.

Nusu iliyouzwa kwanza. Kwa kuinunua Hydis, BOE ilipata hati miliki, mitambo na, muhimu zaidi, wahandisi waliojua kutengeneza skrini. Haikutosha peke yake. Fedha za serikali za mikoa na miji ya China ndizo zilizojenga kiwanda juu ya kiwanda, hasa katika mji wa Hefei mkoani Anhui, ambao uliamua kuweka fedha za umma kwenye BOE wakati wawekezaji binafsi walikuwa wakisitasita. Skrini zikajaa sokoni, bei zikashuka, na Wakorea, ambao wenyewe walikuwa wamewapokonya Wajapani biashara hiyo, wakaanza kurudi nyuma. Mwaka 2022 Samsung Display iliacha kabisa kutengeneza LCD. LG Display nayo ikakiuza kiwanda chake kikubwa cha Guangzhou kwa kampuni ya Kichina ya TCL. Leo Wakorea wanashikilia skrini za kizazi kipya za OLED, na hata huko wanasikia hatua za BOE nyuma yao.

Nusu iliyobaki iliishi kwa shida chini ya mabenki kwa takriban miaka kumi, mpaka kundi la SK lilipoinunua mwaka 2012 na kuiita SK hynix. Mwaka uliofuata wahandisi wake, wakishirikiana na AMD ya Marekani, walitoa aina mpya ya kumbukumbu iitwayo HBM. Badala ya kuzitandaza chipu upande kwa upande, walizipanga moja juu ya nyingine kama nyumba ya ghorofa, wakazitoboa matundu membamba kuliko unywele, na kupitisha nyaya humo kama lifti, ili data ipande na kushuka kwa njia fupi. Ugumu mkubwa uko kwenye joto na mpindo: chipu zilizosagwa hadi zikawa nyembamba mno hujikunja zinapobanwa pamoja. SK hynix ilikuja na njia ya kumimina utomvu maalumu kati ya tabaka na kuugandisha kwa pamoja, huku Samsung ikibaki na njia ya kubandika utando kila tabaka.

Kwa miaka kadhaa kumbukumbu hiyo ya bei ghali haikuwa na wateja wengi. Kisha, mwishoni mwa 2022, ChatGPT ikatoka, kila mwenye fedha akataka mitambo ya akili unde, na chipu za Nvidia zinazoendesha mitambo hiyo zinahitaji HBM pembeni yake. Mwaka 2024 SK hynix ilipata faida ya uendeshaji ya zaidi ya woni trilioni 23, ikiipita idara nzima ya chipu ya Samsung. Katika robo ya kwanza ya 2025 iliipita Samsung pia kwa mapato ya DRAM, aina kuu ya chipu za kumbukumbu, nafasi ya kwanza ambayo Samsung ilikuwa imeishikilia kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa, kwa nini nchi yenye ushindi kama huo ina hofu? Kwa sababu inayajua mapigo ya China inayoifuata, kwani iliyatumia yenyewe. Samsung ilipoingia kwenye kumbukumbu mwaka 1983, ilinunua usanifu wa chipu yake ya kwanza ya DRAM kutoka Micron, iliyokuwa kampuni changa. Bei zilipoanguka mwaka 1985, Intel ilijitoa kwenye DRAM; Samsung, huku ikipata hasara, iliendelea kujenga. Ndiyo kanuni yao: wengine wanapofunga, ongeza kiwanda. Kwa kanuni hiyo Qimonda ya Ujerumani ilifilisika 2009, na Elpida ya Japani ikafuata 2012. Yakabaki makampuni makubwa matatu ya DRAM duniani.

Na mwaka 2016 ilianzishwa kampuni ya kumbukumbu ya CXMT huko Hefei, mji ule ule ulioibeba BOE. Waendesha mashtaka wa Korea wamewafikisha mahakamani waliokuwa wafanyakazi wa Samsung wakidaiwa kuipelekea siri za utengenezaji wa DRAM. Marekani inaizuia China kupata mashine za hali ya juu, na hilo linawapa Wakorea muda, ingawa kizuizi hicho kinavigusa hata viwanda ambavyo Samsung na SK hynix wenyewe wamejenga China.

Kwenye betri za magari mambo yameshabadilika. LG, Samsung na SK waliwekeza kwenye betri za nikeli na kobalti, zenye nguvu nyingi kwa uzito mdogo. CATL na BYD za China zikaboresha betri za chuma na fosfeti, za bei nafuu, na wanunuzi wa magari ya kawaida wakazipenda. Wakorea wamekimbilia Marekani kujenga viwanda nyuma ya ukuta wa ushuru. Mwezi Septemba 2025 maofisa wa uhamiaji walivamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG huko Georgia na kuwakamata Wakorea zaidi ya 300, wengine wakifungwa minyororo. Wengi walikuwa mafundi wa kufunga na kuwasha mitambo. Picha za tukio hilo ziliwaumiza sana watu hapa Korea, na ziliniumiza na mimi, mgeni ninayeishi miongoni mwao.

Meli ndizo zenye nafuu kwa sasa. China inaunda meli nyingi zaidi, lakini meli za kusafirishia gesi iliyopozwa hadi nyuzi 160 chini ya sifuri bado ni kazi ya miji ya Korea ya Ulsan na Geoje kuliko kwingineko, na Marekani, ambayo imesahau kuunda meli za biashara, imeahidiwa na Seoul dola bilioni 150 za kufufua sekta hiyo.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia. Betri ya nikeli na ile ya chuma zote zinahitaji madini ya kinywe, na China ndiyo inayoyasafisha kwa wingi. Desemba 2023 Beijing ilianza kudai vibali kwa kinywe kinachotoka nchini. Kundi la POSCO, ambalo limetokana na kiwanda cha chuma kilichoanza uzalishaji Pohang mwaka 1973, limejifunga kununua kinywe cha Mahenge, wilayani Ulanga, mkoani Morogoro, na limenunua hisa katika kampuni ya Australia inayouendeleza mgodi huo. Juni 2024 Rais Samia wa Tanzania alikuwa Seoul kwenye mkutano wa Korea na Afrika, na mikopo nafuu ya dola bilioni 2.5 kwa Tanzania ilikubaliwa kwa miaka mitano. Ninawasihi wanaojadili mikataba hiyo wausome mkataba wa Hydis kwanza. BOE ilinunua watu wanaojua kazi. Mkataba wa Mahenge usiowapeleka vijana wetu kwenye maabara za Pohang utatuachia mashimo.

Wakorea wenyewe, udongo wao hauna madini ya maana, na sasa hata watu wanapungua. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilikuwa 0.72 kwa kila mwanamke. Wanafunzi wanaoongoza kwa hesabu na fizikia wanakimbilia udaktari, wenye kipato cha uhakika. Kisha bajeti ya 2024 ikakata fedha za utafiti kwa takriban asilimia 15, na Februari mwaka huo, kwenye mahafali ya KAIST, chuo cha wanasayansi huko Daejeon, mhitimu aliyempigia kelele Rais wa wakati huo, Yoon Suk-yeol, kuhusu makato hayo alizibwa mdomo na kubebwa nje na walinzi. Fedha zilirudishwa baadaye, lakini maabara ndogo zilikuwa zimeshapoteza watafiti.

Viwandani nako wanaojua kazi wanadai sehemu yao: Septemba 2025 SK hynix ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kuwagawia wafanyakazi wake asilimia 10 ya faida ya uendeshaji kila mwaka, bila kikomo cha kiasi. Vyama vya wafanyakazi vya Samsung navyo vikadai mgawo wenye kanuni iliyo wazi.