Bei ya zulia: Uliza kwanza ni mita ipi

Mtoto wetu wa mwisho alipoanza kutambaa, mimi na mwenzangu tuliamua sebule iwekwe zulia la kufunika sakafu nzima. Vigae vilikuwa baridi na vinateleza. Tulikuwa na Sh300,000 tu, na ada ya kaka yake ilikuwa inakaribia.

Duka la kwanza walituambia mita moja ni Sh60,000. La pili wakasema Sh18,000. Tukakimbilia la pili. Muuzaji alipopiga hesabu, jumla ikawa Sh331,200. Nusura tuiguse ile ada.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba duka la kwanza liliuza kwa mita ya urefu. Roli lake lina upana wa mita 4, hivyo kila mita inayokatwa ni mita 4 za mraba. Ukigawa, mita moja ya mraba ni Sh15,000. La pili liliuza kwa mita ya mraba, na roli lake nalo lina upana wa mita 4.

Sebule yetu ina urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 3.6. Tuliongeza sentimita 10 za kupunguza pembeni, tukahitaji kipande cha mita 4.6. Duka la kwanza: 4.6 mara Sh60,000, sawa na Sh276,000. Duka la pili: 4.6 mara 4 ni mita za mraba 18.4, zidisha kwa Sh18,000, unapata zile Sh331,200. Tofauti ni Sh55,200.

Utauliza, mbona sebule ni mita za mraba 16.2 tu? Unalipia kipande chote kilichokatwa, si sakafu yako. Lile baki refu usimwachie fundi. Sisi tumelitandika kando ya kitanda cha watoto.

Mzazi, kabla hujatoka nyumbani, pima kwa tepu, si kwa hatua. Kuta nyingi hazijanyooka, hivyo pima sehemu tatu kila upande na uchukue kipimo kikubwa. Usisahau nafasi ya mlangoni. Ukipima kwa futi, kumbuka futi moja ni kama sentimita 30.5; roli la futi 12 halifiki mita 4.

Dukani, uliza: bei ni ya mita ya urefu au ya mraba? Roli lina upana gani? Sponji ya chini, gundi na ufundi vimo? Chumba kikizidi upana wa roli patakuwa na maungio, basi vipande vyote vitoke roli moja na manyoya yalale upande mmoja, la sivyo rangi itaonekana tofauti.

Tulirudi duka la kwanza. Chenji ililipa kirikuu cha kubebea, fundi akasubiri mwisho wa mwezi. Ada haikuguswa.