Flamingo wameenda wapi? Bango lenye mchoro lingekujibu

UMESHUKA Nakuru na wenzako wikendi. Simu zina chaji, na mmejipanga kupiga picha za lile blanketi la waridi mliloliona kwenye kalenda tangu mkiwa watoto. Mnafika ukingoni mwa ziwa na kukuta maji mengi, migunga iliyokauka ikiwa imesimama ndani yake, na flamingo wachache kwa mbali.

“Kwani wameenda wapi?” mmoja wenu anauliza.

Hapo ndipo bango zuri lingefanya kazi yake. Shida ni kwamba mabango mengi kuhusu wanyamapori na ardhioevu huandikwa kama kitabu cha chuo: aya tatu za Kiingereza, majina ya Kilatini, herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Mnapiga selfi mbili tatu, mnasonga. Swali linabaki pale pale.

Kumbe jibu lenyewe ni tamu. Flamingo mdogo hula mwani usioonekana kwa macho. Huinamisha kichwa juu chini, akayachuja maji kwa mdomo wake. Rangi ya waridi huipata kwenye chakula hicho, ndiyo maana vifaranga wake huwa wa kijivu.

Mwani huo hustawi kwenye maji yenye magadi mengi. Lakini kuanzia karibu mwaka 2010, maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana, hata lango kuu la mbuga likalazimika kuhamishwa. Maji ya mvua na mito yakizidi, magadi huzimuliwa, mwani hupungua, na ndege hufuata chakula kwingine, kama vile Ziwa Bogoria.

Ukiyaandika hayo yote kwa maneno, bango litajaa. Sasa yachore. Upande mmoja, maji ya kijani na flamingo wameinamisha vichwa. Upande wa pili, maji yamepanda, kijani kimefifia, na ndege wanapaa. Juu yake maneno matatu tu: “Flamingo wako wapi?” Mtoto wa gredi ya nne ataelewa, na nyanya yake pia.

Wabunifu wa mabango wana kanuni yao ya 3-30-3. Sekunde 3 za kumnasa mpita njia, sekunde 30 za kumpa ujumbe mkuu, na dakika 3 kwa yule anayetaka kujua zaidi. Naye Mmarekani Freeman Tilden, katika kitabu chake cha 1957 kuhusu kazi hii, alishikilia kuwa lengo kuu si kumfundisha mgeni bali kumchokoza afikiri.

Lakini usidhani kuchora vizuri kunatosha. Kile unachodhani ni goti la flamingo linalopinda kinyumenyume ni kifundo cha mguu. Goti halisi limefichwa juu, kwenye manyoya. Ukimchorea kifaranga rangi ya waridi, umedanganya maelfu ya watu kwa miaka kumi. Kwa hivyo mchoro hupitia kwanza kwa mtaalamu wa ndege. Kisha upeleke steji ya matatu, umwonyeshe mtu asiyejua lolote, uufunike, halafu umuulize ameelewa nini. Akibabaika, si kosa lake. Rudi ukachore upya.

Yote haya ya nini? Ziwa Nakuru ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 1990. Lakini ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia hakina njia ya kutokea. Mvua ikinyesha, maji ya mitaro ya jiji huteremka humo pamoja na chupa za plastiki tulizotupa tukidhani zimepotea.

Bango la kueleza hilo halifai kukaa mbugani pekee, mahali ambapo mtu hulipa kiingilio ndipo alione. Mahali pake hasa ni mtaani, kando ya mtaro: mchoro wa chupa, mshale, ziwa, na ndege.

Basi wewe unayechora katuni nyuma ya daftari darasani, au unayechora matatu, kipaji unacho. Mwanasayansi naye ana maarifa ambayo hayajamfikia jirani yako. Mtafute.