Pumu ya Farasi Hulelewa Zizini

Farasi hapumui kwa mdomo. Kaakaa lake laini hutenganisha kinywa na njia ya hewa, kwa hiyo kila pumzi hupita puani. Akibanwa na pumu hutamwona akihema mdomo wazi kama mbwa. Hutanua pua tu na kutulia, na watu wakamwita mvivu au mzee.

Mtazame tumboni. Farasi mzima aliyepumzika hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na ubavu wake hautikisiki sana. Mwenye pumu kali kinachomtesa hasa ni kuitoa hewa. Vijia vya mapafu vimejikaza, vimevimba na kujaa kamasi, na huzidi kubana pumzi inapotoka. Mbavu zikishashuka, hewa bado imekwama ndani, basi misuli ya tumbo inajikamua mara ya pili kuisukuma iliyobaki. Kazi hiyo ikiendelea kwa miezi, misuli hunenepa na mfereji wa mshazari huchomoza nyuma ya mbavu. John Floyer, daktari Mwingereza aliyeugua pumu yeye mwenyewe, alimpasua farasi jike wa namna hiyo na kueleza mapafu yake katika kitabu cha 1698.

Kinachoudhi ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi huletwa na mapenzi. Kwenye nchi za baridi, majira ya kipupwe yakifika, mwenye farasi humfungia ndani, huziba madirisha na kumtundikia wavu wa nyasi kavu usawa wa pua. Nyasi zilizofungwa marobota zikiwa na unyevu hupata joto na kuota ukungu, na vumbi lake ni laini kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Mkojo uliolowanisha matandiko unaongeza amonia. Farasi akila kichwa juu, kamasi nayo haishuki.

Halafu zinanunuliwa dawa huku robota lilelile likibaki zizini! Huo ni upotevu wa fedha na mateso kwa mnyama. Mtoe malishoni, na wengi hupata nafuu ndani ya siku au wiki chache. Mrudishie nyasi zenye ukungu, atabanwa tena.

Asiyekuwa na malisho alowanishe nyasi au azifukize kwa mvuke, azilishe chini, abadili matandiko, afungue madirisha. Kisha apewe deksamethasoni ya kutuliza uvimbe na dawa za kutanua vijia, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Ila kusini-mashariki mwa Marekani wapo wanaobanwa malishoni wakati wa joto, na hao ndio wa kuingizwa ndani.