Soko la Watazamaji: Istilahi Nne za Michezo na Televisheni

Tumeulizwa na baadhi ya walimu wa Mbeya na Iringa jinsi ya kufasiri habari za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ambako vyuo huhama kutoka kundi moja kwenda jingine kwa ajili ya fedha za televisheni. Swali hili haliwahusu wapenzi wa michezo peke yao. Mikataba ya namna hiyo imekwisha kuingia nchini mwetu, na mtumishi anayeiandika hana budi kuwa na maneno yasiyoficha jambo. Katika makala haya tunapima istilahi nne.

(a) Soko la watazamaji. Mfasiri wa haraka huandika "soko la televisheni". Msomaji aliyezoea Soko la Mwanjelwa, Mbeya, au Soko Kuu la Iringa atadhani kuwa hapo huuzwa vyombo vya televisheni. Sivyo. Kituo hununua haki ya kuonyesha mchezo ili kuvuta watu. Kisha huwatoza ada, au huwauzia wafanyabiashara nafasi ya kuwafikia watu hao. Bidhaa, basi, ni watazamaji, na soko ni eneo wanamoishi. Tunapendekeza "soko la watazamaji", ili bidhaa itajwe kwa jina lake.

Zamani soko la timu lilikuwa uwanja wake. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Vituo vilianza mwaka 1994. Aliyeweza kufika uwanjani alilipa kiingilio, na aliyekuwa mbali alisikiliza redio.

(b) Haki za kuonyesha. Wengi husema "haki za matangazo", lakini neno "matangazo" lina maana mbili, ya utangazaji na ya biashara. Katika mkataba utata huo ni hatari. Aidha, yafaa mfasiri aeleze daima ni nani auzaye haki hizo. Mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu iliuzwa kwa pamoja. Hivyo Tanzania Prisons ya Mbeya imo katika mkataba ule ule walimo Simba na Yanga, ijapokuwa mashabiki wake ni wachache. Marekani ilishika njia nyingine. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliondoa mamlaka ya chama cha taifa cha michezo ya vyuo juu ya uuzaji wa mechi za futiboli ya Kimarekani, na makundi ya vyuo yakaanza kujiuzia yenyewe.

(c) Jumuiya ya michezo. Kwa Kiingereza, kundi hilo la vyuo huitwa kwa neno lile lile la mkutano mkubwa, ndiyo maana tumewahi kusoma "kongamano". Hilo ni kosa. Neno "umoja", lililomo katika jina la UMISSETA, linakaribia maana, ila halina wingi. "Jumuiya" hutumika kwa umoja na kwa wingi, na kila msomaji ajua kwamba jumuiya ina wanachama, na kwamba yaweza kuvunjika, kama ile ya Afrika Mashariki ilivyovunjika mwaka 1977.

Jumuiya iitwayo Big Ten, yaani "Kumi Wakubwa", ilikuwa ya vyuo jirani. Mwaka 2014 ilipokea Maryland, jirani ya Washington, na Rutgers, jirani ya New York: miji yenye watazamaji wengi. Mwaka 2024 ikapokea vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki, viwili kati yake vya Los Angeles, ikafikisha wanachama 18. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers ni zaidi ya mara kumi ya njia ya Mbeya hadi Iringa. Jina limebaki; ujirani umekwisha.

(d) Kushuka na kuachwa. Lipuli ya Iringa, iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ilishuka daraja mwaka 2020. Mbeya City ilishuka mwaka 2023, ikapanda tena mwaka 2025. Zote zilihukumiwa na matokeo ya uwanjani. Oregon State na Washington State, vyuo vya miji midogo, vilibaki peke yao katika jumuiya ya Pac-12 mwaka 2024 baada ya wenzao kumi kuondoka. Atakayeandika kwamba "vilishuka" atawatwika wachezaji lawama isiyo yao. Vyuo hivyo "viliachwa".

Vivyo hivyo "kuhama" kuna maana yake. Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida mwaka 2024, ikaitwa Singida Black Stars, na nafasi yake ya ligi ikaenda nayo. Hatusemi kwamba televisheni ndiyo iliyoihamisha. Twasema tu kwamba Mbarali haikushuka daraja, na bado haina timu katika Ligi Kuu.

Istilahi iliyo sahihi humwezesha mwananchi kuuliza: nani aliuza, aliuza nini, na nani aliachwa? Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya watuandikie.