Pua Kavu Wakati wa Vumbi: Tuanzie Nyumbani

Katika mikoa ya Dodoma na Singida mvua hukatika mwezi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hairudi hadi Novemba au Desemba. Katikati ya miezi hiyo upepo huvuma, vumbi hutanda, na wengi wetu huamka asubuhi pua zikiwa kavu na zinachoma. Wengine hutokwa damu, na paji la uso na mashavu huwa mazito. Tunapotembelea vikundi vya maendeleo sharikani tunaambiwa mara kwa mara kwamba fedha ya mtama imeishia duka la dawa, kununulia vidonge vya rangi mbili. Katika toleo hili tunapenda kueleza kwamba, kwa walio wengi, tiba ya kwanza ni maji yaliyochemshwa, chumvi, na kupunguza moshi na vumbi.

Kwa nini pua hukauka?

Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vidogo vya hewa: kwenye paji la uso, mashavuni, katikati ya macho na nyuma ya pua. Wengi huviita sainasi. Vyumba hivi, pamoja na pua, vina ngozi laini inayotoa ute. Ute hunasa vumbi na vijidudu, kisha vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma kuelekea kooni, nasi huumeza bila kujua. Hewa ikiwa kavu, au tukivuta moshi wa kuni na vumbi, ute huwa mzito, vinyweleo hushindwa kazi na njia huziba. Antibiotiki huua bakteria. Haziondoi vumbi wala ukavu, na haziponyi mafua, kwa kuwa mafua huletwa na virusi.

Jinsi ya kusafisha pua kwa maji ya chumvi

1. Chemsha maji safi yatokote kwa dakika 3 hadi 5, kisha yafunike yapoe hadi yawe vuguvugu.
2. Katika nusu lita, weka kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kisijae kupita kiasi. Koroga hadi iyeyuke. Ikichoma sana, ongeza maji yaliyochemshwa.
3. Nawa mikono. Inamia beseni, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo.
4. Kwa bomba safi la sindano lisilo na sindano, ingiza maji polepole kwenye tundu la juu, yatokee la chini. Kisha geuka upande wa pili.
5. Penga taratibu. Maji yaliyobaki yamwagwe baada ya siku moja.

Mara moja au mbili kwa siku inatosha. Kwa mtoto mdogo, matone mawili matatu kila tundu yanatosha.

Tunasisitiza: maji yasiyochemshwa yasiingizwe puani, hata kama ni ya bomba. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba anayeshambulia ubongo. Amiba huyo akinywewa hana madhara hayo. Hatari yake ni kupitia puani. Ugonjwa huo ni nadra, lakini kinga yake ni kuni chache tu za kuchemshia.

Mambo ya kuepuka

Kujifukiza juu ya sufuria ya maji ya moto kumeunguza watoto wengi. Mtoto asifunikwe blanketi juu ya chombo cha maji ya moto. Kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa usoni hutuliza bila hatari hiyo.

Matone ya dukani ya kuzibua pua yasizidi siku 3 hadi 5, maana yakizidi pua huzoea na kuziba zaidi. Mafuta ya mgando yapakwe kidogo mlangoni mwa pua tu, yasisukumwe ndani. Na kwa wazee wetu: ugoro hukausha na kuwasha pua ile ile mnayotaka kuitibu.

Tupunguze chanzo

Tunyunyize maji kabla ya kufagia. Anayepepeta nafaka ajifunge kitambaa puani. Jikoni tuweke dirisha au bomba la moshi, na tutumie kuni zilizokauka. Jiko sanifu husaidia zaidi. Mtoto asikae karibu na moshi wakati mama anapika. Tunywe maji ya kutosha.

Wakati wa kwenda zahanati

Usisubiri nyumbani endapo jicho limevimba au mtu anaona viwili viwili, ana homa kali, shingo imekakamaa, au kichwa kinauma kupita kawaida. Nenda pia kama hali inazidi siku 10 bila nafuu, au damu haikomi baada ya kubana pua kwa dakika 20. Mtoto anayetoka usaha wenye harufu tundu moja tu huenda ameingiza mbegu au shanga.

Kutunza mwili ni sehemu ya uwakili ambao Mungu ametukabidhi. Tunawaomba wainjilisti na viongozi wa vikundi wasome maelezo haya pamoja na wanakikundi, na kuonyesha kwa vitendo namna ya kuandaa maji hayo. Mungu awabariki.